Mshtuko wa Bei ya Mafuta na Sera ya Nishati: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Mtwara na Lindi

Asubuhi ya Jumatano ya kwanza ya mwezi, kijana wa kituo cha mafuta hapa Mtwara mjini huegemeza ngazi kwenye nguzo ya ubao wa bei na kubandua tarakimu za zamani. Madereva wa bodaboda walio ng'ambo ya barabara, chini ya mwembe, humtazama kimya. Wote huangalia tarakimu ya pili kutoka kushoto, ile ya mamia, kwa kuwa ndiyo itakayoamua kama nauli ya Mikindani itabaki ilivyo au kutakuwa na ubishi na kila abiria hadi jioni. Maswali yaliyomo hapa yanatokana na ubishi wa namna hiyo, na katika majibu yake jambo moja litajirudia: gharama ya mshtuko wa bei haifutwi na tamko lolote la serikali. Sera huamua ni nani ataibeba na ataibeba lini.

Mshtuko wa bei ya mafuta ni nini hasa?

Ni badiliko kubwa na la ghafla la bei ambalo wanunuzi hawakulitarajia na hawana muda wa kujipanga nalo. Bei ikipanda kidogo kidogo kwa miaka 10, wenye malori hununua magari yanayokula mafuta kidogo, viwanda hubadili mitambo na serikali hurekebisha bajeti zake. Ikipanda kiasi kilekile ndani ya miezi mitatu, kila mmoja wao hubaki na gari, mtambo na bajeti aliyonayo, akalipa. Mafuta ni bidhaa ambayo watu hawawezi kupunguza matumizi yake haraka, na kisima kipya hakichimbwi kwa wiki moja. Ndiyo maana upungufu mdogo sokoni huzaa ongezeko la bei lisilolingana nao kabisa.

Neno hili halihusu kupanda tu. Kuporomoka kwa ghafla nako ni mshtuko, na mkoa wa Lindi una sababu zake za kulijua hilo, kama swali la mradi wa gesi wa Likong'o litakavyoonyesha.

Ni mishtuko ipi mikubwa iliyowahi kutokea?

Wa kwanza kukumbukwa ni wa Oktoba 1973, wakati wa vita kati ya Israel na majirani zake. Wazalishaji wa Kiarabu walipunguza uzalishaji na kuzisusia Marekani na baadhi ya washirika wake, na pipa lililokuwa likiuzwa kwa takriban dola 3 likafikia karibu dola 12 mwanzoni mwa 1974. Mapinduzi ya Iran ya 1979, yaliyofuatiwa na vita vya Iraq na Iran mwaka 1980, yaliisukuma bei hadi karibu dola 40. Mwaka 1986 iliporomoka, baada ya Saudi Arabia kuchoka kupunguza uzalishaji wake peke yake ili kulinda bei ya wote. Ikapanda tena kwa muda mfupi Iraq ilipoivamia Kuwait mwaka 1990.

Katika karne hii, bei ilifika dola 147 kwa pipa mwezi Julai 2008 na kabla ya mwaka kwisha ilikuwa chini ya dola 40. Ikaanguka tena kati ya 2014 na 2016, kutoka zaidi ya dola 100 hadi chini ya dola 30, kisha ikapaa mwezi Machi 2022 hadi karibu dola 140 baada ya Urusi kuivamia Ukraine.

Wengi hapa wanakumbuka pia habari ya tarehe 20 Aprili 2020, pale bei ya mafuta ghafi ya Marekani ilipofunga siku ikiwa hasi kwa dola 37.63, na wakauliza kwa nini sheli zetu hazikugawa petroli bure. Bei ile ilikuwa ya mkataba wa kupokea mafuta ghafi katika mji wa Cushing, jimbo la Oklahoma, ambako matangi yalikuwa yakielekea kujaa na mwenye mkataba hakuwa na mahali pa kuyaweka. Petroli ya Mtwara hainunuliwi kwa mkataba huo.

Vita viko Ulaya au Ghuba ya Uarabuni. Kwa nini bei ipande Mtwara?

Kwa sababu mafuta tunayotumia yanatoka huko, tayari yakiwa yamesafishwa. Kiwanda cha TIPER cha Kigamboni, kilichoanza kazi mwaka 1966, kiliacha kusafisha mafuta ghafi zaidi ya miaka 20 iliyopita, na leo matangi yake ni ya kuhifadhia. Petroli na dizeli huagizwa kwa pamoja, kwa zabuni zinazosimamiwa na wakala wa serikali, kwa bei inayofuata soko la Ghuba ya Uarabuni. Mwenye shehena pale hana sababu ya kumuuzia Mtanzania kwa bei ndogo kuliko anayopewa na mwingine. Nchi za Umoja wa Ulaya zilipopiga marufuku dizeli ya Urusi mwezi Februari 2023, zilikwenda kuitafuta Ghuba, kwenye foleni ileile tuliyokuwa tumesimama sisi.

Juu ya bei ya bidhaa huongezwa nauli ya meli, bima na faida ya muuzaji, na vyote hulipwa kwa dola. Kisha huja ushuru na tozo, gharama za bandari na maghala, faida ya muuzaji wa jumla na ya rejareja, na usafiri wa lori kutoka bandarini hadi kituoni. Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, yaani EWURA, hujumlisha haya yote na kutangaza bei kikomo kwa kila wilaya. Kwa hiyo lita moja huko Liwale au Nachingwea ni ghali kuliko Mtwara mjini: lori lililoipeleka nalo limekunywa dizeli njiani.

Hapo panafaa kukumbusha jambo ambalo vijana wengi hawalijui. Reli iliyojengwa na Waingereza kwa ajili ya mradi wa karanga, kutoka pwani hadi Nachingwea, ilifungwa mwaka 1962 na vyuma vyake kung'olewa. Tangu wakati huo, karibu kila gunia linaloingia au kutoka katika mikoa hii hutembea juu ya matairi.

Meli za mafuta sasa hushusha katika bandari ya Mtwara pia, na kusini kuna hesabu yake tofauti na ya Dar es Salaam na Tanga. Zamani yote yalikuja kwa malori kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500. Safari hiyo imeondolewa kwenye bei, lakini bei ya Ghuba imebaki palepale.

Dola 10 zikiongezeka kwenye pipa, lita inapanda kwa kiasi gani?

Pipa lina takriban lita 159. Dola 10 zikigawanywa kwa 159 ni kama senti 6.3 za dola kwa lita. Tukichukua kwa mfano dola moja kuwa shilingi 2,500, hizo ni karibu shilingi 157 kwa lita, kabla ya kuhesabu mabadiliko ya gharama za kusafisha na kusafirisha. Shilingi ikishuka thamani wakati huohuo, ongezeko huwa kubwa zaidi, na mara nyingi mambo haya mawili hutokea pamoja, kwa sababu nchi inayolipia mafuta ghali huhitaji dola nyingi zaidi.

Tunasikia bei imeshuka duniani. Mbona hapa haishuki kwa kiwango hicho?

Sababu ya kwanza ni muda. Shehena inayouzwa leo iliagizwa miezi kadhaa iliyopita, kwa bei ya wakati ule. Ucheleweshaji huo hufanya kazi pande zote mbili, ingawa binadamu hukumbuka zaidi ule wa kushuka.

Sababu ya pili inaeleweka vizuri zaidi kwa hesabu. Nchini kwetu petroli na dizeli hazitozwi VAT. Kodi zake kubwa ni kiasi maalumu cha shilingi kwa kila lita, na hakibadiliki bei ya dunia ikibadilika. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba lita inauzwa shilingi 3,000, ambapo 1,000 ni kodi na tozo, 400 ni gharama za ndani na 1,600 ni bidhaa yenyewe. Bei ya bidhaa ikishuka kwa nusu, lita itauzwa shilingi 2,200. Dunia imeshusha asilimia 50, dereva ameona karibu asilimia 27, na hakuna aliyemwibia. Mpangilio huohuo humlinda kiasi bei inapopanda: bidhaa ikiongezeka maradufu, lita haiongezeki maradufu.

Gesi ya Mnazi Bay na Songo Songo iko chini ya miguu yetu. Kwa nini tuumizwe na bei ya mafuta?

Hili ndilo swali linaloulizwa kwa uchungu kuliko yote, na anayeuliza anastahili jibu kamili.

Gesi asilia na petroli ni bidhaa mbili zenye kazi tofauti. Waitaliano wa kampuni ya Agip waligundua gesi Songo Songo, wilayani Kilwa, mwaka 1974, na Mnazi Bay mwaka 1982. Walikuwa wanatafuta mafuta. Gesi ya wakati ule, mbali na wateja na bila bomba, haikuwa na soko, na ilikaa ardhini miaka mingi hata katika kipindi ambacho nchi ilikuwa ikitafuta dola za kulipia meli za mafuta. Kiwanda cha mbolea kilichopangwa kujengwa Kilwa ili kuitumia hakikujengwa. Songo Songo ilianza kupeleka gesi Dar es Salaam mwaka 2004, na bomba kubwa kutoka Madimba, Mtwara, lilizinduliwa mwaka 2015.

Kinga iliyotokana na gesi ipo, ila iko kwenye umeme. Kabla ya 2007, taa za Mtwara ziliwashwa na majenereta ya dizeli, na kila mshtuko wa bei uliingia moja kwa moja kwenye gharama za shirika la umeme. Tangu mwaka huo mitambo ya hapa hutumia gesi ya Mnazi Bay. Kitaifa, kwa miaka mingi gesi ilizalisha zaidi ya nusu ya umeme, mpaka mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, ilipoanza kuwashwa mwaka 2024. Kiwanda cha saruji cha Dangote nacho kilianza kwa majenereta ya dizeli kabla ya kuunganishwa na gesi. Bei ya mafuta ilipopaa mwaka 2022, bili ya umeme haikupaa nayo, na hilo halikuja kwa bahati.

Lakini lori, trekta, boti na pikipiki haziendeshwi kwa bomba la Madimba. Mahali ambapo mshtuko unaumiza ni pale penye injini inayotembea, na uchumi wa kusini ni uchumi wa umbali mrefu. Hasira za mwaka 2013, pale wakazi wa Mtwara walipopinga gesi kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba, zilihusu mambo mengi, yakiwemo ajira na mahali pa kujenga viwanda, na mambo hayo yana haki ya kujadiliwa peke yake. Hata hivyo, kama kila futi ya gesi ingebaki Mtwara, bei ya petroli kwenye ubao ule ingekuwa ileile.

Je, gesi ya mtungi tunayopikia ni gesi yetu?

Hapana, na mkanganyiko huu ni mkubwa hata kwa watu waliosoma. Gesi ya Mnazi Bay karibu yote ni metheni, ambayo husafirishwa kwa bomba. Gesi ya mtungi ni propeni na buteni, hutokana kwa sehemu kubwa na usafishaji wa mafuta na uchakataji wa gesi katika nchi nyingine, na huingia nchini kwa meli. Bei yake hufuata ya mafuta. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo mwaka 2034. Lengo ni jema, lakini kadiri kaya nyingi zinavyohamia kwenye mtungi, ndivyo mshtuko ujao utakavyoingia jikoni. Mama lishe ambaye mtungi umemshinda bei hurudi kwenye mkaa siku hiyohiyo, wala hasubiri mkakati.

Mkulima wa korosho hana gari. Anaguswaje?

Anaguswa mara nne kabla hajauza kilo moja. Kuanzia Juni, mikorosho inapotoa maua, huja ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaokausha maua. Dawa ya miaka mingi ni salfa ya unga, na sehemu kubwa ya salfa duniani leo ni zao la pembeni la viwanda vya kusafisha mafuta na gesi. Salfa huja kwa meli inayotumia mafuta. Hupelekwa Newala, Tandahimba au Ruangwa kwa lori. Hupuliziwa kwa mashine ya kubeba mgongoni, yenye injini inayotaka petroli iliyochanganywa na oili, na mwenye mashine akija alfajiri, kabla upepo haujaanza, huleta na kidumu chake na bei aliyonunulia. Kisha mwezi Oktoba korosho zenyewe husafirishwa hadi ghala la chama cha ushirika na baadaye bandarini.

Mkulima huyu hawezi kupandisha bei yake ili kufidia, kwa kuwa korosho huuzwa mnadani na mnunuzi anaangalia soko la dunia la korosho, ambalo halijali bei ya petroli Tandahimba. Dereva wa bodaboda huweza angalau kumwambia abiria aongeze mia mbili. Huyu hana wa kumwambia.

Mvuvi hali yake ni ngumu kwa namna nyingine. Boti yenye injini ya kupachika hubeba petroli ya safari nzima kabla nyavu hazijagusa maji, maana yake analipa kwanza bila kujua atapata nini. Bei ikipanda, wengine huvua karibu na pwani, mahali ambapo samaki tayari wamepungua, na mwenye ngalawa na tanga, ambaye miaka yote alionekana amebaki nyuma, huwa kwa muda ndiye mwenye gharama nafuu.

Mshtuko unaathirije uchumi wa nchi nzima?

Tanzania yenyewe ni mfano mzuri, kwa bahati mbaya. Mshtuko wa 1973 uliikuta nchi ikielekea kwenye ukame na uhaba wa chakula, hivyo fedha za kigeni zikahitajika kwa mafuta na kwa nafaka kwa wakati mmoja. Bei nzuri ya kahawa ya mwaka 1976 na 1977 ilileta nafuu. Mshtuko wa 1979 haukukuta nafuu yoyote: Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977 na vita vya Kagera vilikuwa vimekula hazina. Mauzo ya nje ya mazao yaliyokuwa yakitosha kununua shehena kadhaa za mafuta sasa yalinunua chache.

Kilichofuata wazee wanakikumbuka kwa majina ya bidhaa: sabuni, sukari, vitenge, tairi. Bila dola hakuna vipuri wala malighafi, bila vipuri na malighafi viwanda vinasimama, na bila lori zima pamba na korosho hukaa vijijini badala ya kwenda kuleta dola. Magari binafsi yalizuiwa kutembea Jumapili kuanzia mchana ili kuokoa petroli. Wakati huohuo benki kuu ya Marekani ilipandisha riba kwa ukali kupambana na mfumuko wa bei ambao mafuta yalikuwa yameuchochea, na nchi maskini zilizokuwa na madeni zikajikuta na mzigo mzito zaidi. Mwaka 1986 Tanzania ilifikia makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa, shilingi ikashushwa thamani na sera za uchumi zikabadilika kwa kiasi ambacho hakuna aliyekitarajia miaka 10 kabla.

Itakuwa kosa kuyaweka yote hayo mabegani mwa mafuta. Sera za ndani zilikuwa na udhaifu wake, na ubishi kuhusu uzito wa kila sababu haujaisha hadi leo. Ila njia ambazo mshtuko hupita hazijabadilika: fedha za kigeni, nauli, bei ya chakula, riba, bajeti ya serikali. Mwaka 2023, dola zilipoadimika nchini, waagizaji wa mafuta walikuwa miongoni mwa waliohangaika kuzipata.

Je, kila kupanda kwa bei kuna madhara sawa?

Hakuna. Bei ikipanda kwa sababu viwanda vya China na India vinafanya kazi kwa kasi, kama ilivyokuwa kuelekea 2008, mara nyingi bei za mazao na madini tunayouza nazo hupanda, na hasara hupata kifidio. Bei ikipanda kwa sababu ya vita au kufungwa kwa njia ya meli, tunalipa zaidi bila kuuza zaidi. Aina hii ya pili ndiyo ya kuogopwa.

Serikali inaweza kufanya nini bei ikipaa?

Ina njia chache, na kila moja ina bili yake. Iliyo maarufu ni ruzuku. Mwezi Mei 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza ruzuku ya shilingi bilioni 100 ili kupunguza makali ya bei kuanzia Juni, na utaratibu huo ukaendelea kwa miezi kadhaa. Bei zilikuwa juu hata hivyo, lakini pasipo ruzuku zingekuwa juu zaidi, na nauli za mabasi ya kusini zilipata muda wa kupumua. Fedha hizo zilitoka kwenye matumizi mengine. Lita ya mwenye gari kubwa la kifahari ilipata ruzuku sawa na lita ya bodaboda, naye alinunua lita nyingi zaidi. Kwa maoni ya mwandishi, ruzuku ya muda mfupi yenye tarehe ya mwisho inayojulikana ina utetezi. Isiyo na tarehe ya mwisho ni deni lenye jina zuri.

Nigeria imeonja uchungu wa aina hiyo ya pili. Kwa miongo kadhaa ilichimba mafuta ghafi kwa wingi huku ikiagiza petroli kutoka nje na kuiuza chini ya gharama. Rais Bola Tinubu alipotangaza kuiondoa ruzuku siku ya kuapishwa kwake, tarehe 29 Mei 2023, bei kwenye vituo iliruka kutoka chini ya naira 200 hadi zaidi ya 500 ndani ya siku chache. Gharama iliyokuwa ikiahirishwa ilikuja yote kwa mkupuo.

Njia nyingine ni kuweka akiba. Nchi wanachama wa Shirika la Kimataifa la Nishati, lililoundwa mwaka 1974 kutokana na mshtuko wa kwanza, hutakiwa kuwa na mafuta ya kutosha siku 90 za uagizaji. Marekani ilitoa mapipa milioni 180 kutoka akiba yake mwaka 2022. Akiba hutuliza hofu, lakini kujaza matangi ya siku 90 ni kufungia mtaji mkubwa ambao nchi kama yetu ingeutumia kwa mambo mengine mengi.

Kenya ilijaribu kuhamisha muda wenyewe: kuanzia mwaka 2023 ilipanga kununua mafuta ya Ghuba kwa mkopo wa siku 180, ili kupunguza mbio za kutafuta dola kila mwezi. Dola hizo bado zilitakiwa, ila baadaye.

Kwa nini kodi za mafuta zisifutwe tu?

Tozo ya mafuta ndiyo inayokarabati barabara, na kwa mkoa ambao mvua za masika huweza kuikata barabara ya Dar es Salaam pale Somanga, hilo si jambo la kinadharia. Bajeti ya 2023/24 iliongeza shilingi 100 kwa lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya miradi mikubwa, na watu walinung'unika, pengine kwa haki. Kupunguza kodi kwa miezi michache wakati wa mshtuko kunawezekana. Kuzifuta ni kuchagua gharama ya shimo barabarani badala ya gharama ya pampu.

Kodi zina matokeo mengine yasiyotarajiwa. Mafuta ya taa yalipokuwa yakitozwa kodi ndogo ili kumsaidia maskini, wajanja waliyachanganya na dizeli, na neno uchakachuaji likaingia katika kila mazungumzo. Mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ilipandishwa, na uchakachuaji wa aina hiyo ukapoteza faida. Aliyelipia ushindi huo ni bibi wa kijijini mwenye kibatari, mpaka taa za sola zilipofika.

Nchi nyingine zilibadilisha sera zao vipi?

Ufaransa iliamua mwaka 1974 kujenga vinu vya nyuklia kwa kasi, na leo sehemu kubwa ya umeme wake hutoka huko. Brazil ilianzisha mwaka 1975 mpango wa kuendesha magari kwa ethanoli ya miwa. Denmark, iliyokuwa ikitegemea mafuta kutoka nje kwa karibu kila kitu, iligeukia upepo na kupasha nyumba joto kwa mifumo ya pamoja. Hatua hizi zilichukua miaka 10 hadi 20 kuleta matokeo. Bei ilipoanguka mwaka 1986, serikali nyingi nyingine ziliacha mipango yao nusu njia, na mshtuko uliofuata ukazikuta pale zilipoachia.

Mradi wa gesi kimiminika wa Likong'o unahusianaje na bei ya mafuta?

Kwa karibu sana. Gesi iliyogunduliwa nchini inakadiriwa kuwa zaidi ya futi za ujazo trilioni 57, sehemu kubwa ikiwa kwenye kina kirefu cha bahari, na mpango ni kuigeuza kimiminika huko Likong'o, Lindi, ili iuzwe nje. Mikataba mingi ya muda mrefu ya gesi kimiminika, hasa ya Asia, bei yake imefungwa kwenye bei ya mafuta. Bei ilipoporomoka kuanzia 2014, faida iliyotarajiwa iliporomoka nayo, na uamuzi wa kuwekeza ukawa mgumu zaidi. Bei ilipopaa mwaka 2022 na Ulaya kuanza kutafuta gesi isiyo ya Urusi, mazungumzo yalipata nguvu, na mwezi Juni mwaka huo makubaliano ya awali yalitiwa saini na kampuni za Equinor na Shell. Gharama hutajwa kuwa takriban dola bilioni 42.

Hivyo mkazi wa Lindi yuko katika hali ya ajabu: bei inayomnyima nauli ya basi ndiyo inayoupa nguvu mradi anaousubiri. Mradi ukija, itabidi kujihadhari na kile wachumi wanachokiita ugonjwa wa Kiholanzi, pale fedha za gesi zinapoipandisha thamani sarafu na kuviua viwanda na mazao mengine, kama Uholanzi ilivyoona baada ya gesi ya Groningen. Tanzania ilipitisha mwaka 2015 sheria ya kusimamia mapato ya mafuta na gesi, yenye mfuko wake. Sheria imeitangulia fedha, jambo ambalo ni nadra.

Bomba la mafuta la Hoima hadi Tanga litashusha bei ya petroli?

Halitashusha. Litasafirisha mafuta ghafi ya Uganda, kilomita 1,443, kwenda kuuzwa nje kwa bei ya dunia. Tanzania itapata ada ya kupitisha na ajira.

Magari ya gesi iliyoshindiliwa yatasaidia?

Hapa ndipo gesi yetu inaweza hatimaye kukutana na injini inayotembea. Dar es Salaam, bajaji na teksi nyingi zimefungwa mitungi, na madereva wake husimulia nafuu kubwa ya gharama kwa siku. Kikwazo ni vituo: foleni ni ndefu hata huko, na lori la korosho haliwezi kutoka Masasi kwa gesi kama halina uhakika wa pa kujaza njiani. Kama kuna sera moja ya nishati ambayo mikoa ya kusini ingepaswa kuidai kwa sauti, ni vituo vya kujazia gesi kando ya barabara ya Mtwara, Lindi, Kilwa hadi Kibiti, barabara ambayo kwa sehemu kubwa iko jirani na bomba lenyewe. Pikipiki na bajaji za umeme zina hoja nzuri pia, hasa kwa safari fupi za mjini, mradi umeme usikatike mara kwa mara.

Bei mpya huanza lini, na nitajuaje kama nimeuziwa kwa haki?

Bei kikomo huanza kutumika saa 6:01 usiku wa kuamkia Jumatano ya kwanza ya mwezi. Bei ya wilaya yako hupatikana pia kwa kupiga *152*00# kwenye simu. Kituo kinaruhusiwa kuuza chini ya bei kikomo, hakiruhusiwi kuuza juu yake, na kinatakiwa kuweka ubao wa bei mahali unapoonekana na kutoa risiti kwa kila mauzo. Linganisha ubao na tangazo kabla ya pampu kuanza kusoma, kisha dai risiti, hata kama ni ya lita moja ya pikipiki.